Kusasisha programu ya ruta bila kupoteza mipangilio

Swali: Wakuu, ruta ni TP-Link Archer C7. Nikiweka toleo jipya la programu, jina la Wi-Fi, PPPoE (jina na nywila za kuingia kwa mtoa huduma wa intaneti) na IP (anwani za mtandao) za kamera vitabaki?

Jibu 1: Kwa kawaida vinabaki, ila usitegemee hilo. Kwanza geuza ruta usome kibandiko: Ver 2 na Ver 5 ni vifaa tofauti ndani, faili la moja si la nyingine. Angalia pia nchi. Ya Marekani na ya Ulaya hayachanganywi. Kisha ingia 192.168.0.1, System Tools, Backup & Restore, hifadhi faili la mipangilio. Pakua zip ya toleo jipya, ifungue, unachopakia ni .bin iliyomo ndani.

Jibu 2: Naongezea: tumia waya wa LAN (wa mtandao, kutoka kompyuta hadi ruta), si Wi-Fi, maana mawasiliano yakikatika katikati, faili huenda lisifike lote. Umeme wa kuyumba je? Weka UPS, yaani betri ya akiba. Taa zikizimika na kuwaka, iache ruta, hata dakika tano.

Jibu 3: Bakapu pekee haitoshi. Faili la toleo la zamani wakati mwingine hukataliwa na jipya. Piga picha kurasa za PPPoE, DHCP (inayogawa IP) zenye anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa), na pochi zilizofunguliwa. Nywila ya PPPoE huonekana kama nukta tu, kwa hiyo iombe kwa mtoa huduma mapema.

Muulizaji: Pochi?

Jibu 3: Poti, mkuu, yaani milango ya mtandao uliyofungua kwenye ruta. Kidole kiliteleza.