Bima ya afya ilipie upasuaji wa kubadili jinsia au isilipie? Njooni na hoja, matusi acheni nyumbani

Mdada wa Bili:

Wakuu habari za muda. Najua mada hii ikiwekwa tu watu wanakunja mashati, leo naomba tujitahidi. Mi niko Marekani na kazi yangu ni kuandaa madai ya hospitali yanayokwenda kwenye kampuni za bima, ndo maana nimeamua kuandika, maana naona watu wanabishana usiku kucha dini na utamaduni halafu hela yenyewe inavyotembea hawaijui kabisa.

Iko hivi. Kila dai linabeba namba mbili za maana, namba ya huduma aliyopewa mgonjwa na namba ya ugonjwa wake. Kutoa titi lote ni 19303. Ukiiambatanisha na C50, yani kansa ya matiti, bima inalipa na wala hakuna anayeshtuka. Sasa chukua 19303 hiyohiyo, daktari yuleyule, chumba kilekile, nusu kaputi ileile, ila badala ya C50 weka F64.0 ambayo ndo namba ya mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo haiendani na mwili aliozaliwa nao. Kwenye bima nyingi tu dai linarudi limeandikwa "huduma hii haimo kwenye mkataba". Kwa hiyo mtu asiniambie kampuni imeogopa bei, bei haijabadilika hata senti.

Kuna kesi moja nataka tuitumie maana ina kila kitu. Anna Lange ni sajenti kwenye ofisi ya sherifu wa Houston County, jimbo la Georgia (sio Houston ya Texas jamani). Alizaliwa mwanaume kwenye makaratasi, anaishi kama mwanamke, kazini yupo tangu 2006. Bima ya kaunti ilikuwa na kifungu kinachosema haitagharamia kubadili jinsia. Kampuni inayoiendesha hiyo bima yenyewe ilishawaambia kaunti kwamba kifungu hiki kiondoke kutokana na sheria ya afya ya 2010 inayopinga ubaguzi, kaunti ikasema hapana, kibaki. Mama akaenda mahakamani 2019. Upasuaji aliokuwa anautaka ulikadiriwa dola 25,600. Kaunti imetumia zaidi ya dola milioni 1 kupigana asilipiwe! Milioni moja ya walipa kodi, ili isitoke elfu ishirini na tano. Hapo ndo nilipojua kwamba wanaosema "ni gharama" wana jambo lingine moyoni na waliseme tu.

Kesi ikaenda ikarudi. 2022 jaji akampa haki na wale raia wanaokaa kusikiliza kesi wakamwandikia fidia ya dola 60,000. 2024 kwenye rufaa akashinda tena, majaji wawili kwa mmoja. Halafu Septemba 2025 majaji wote wa mahakama ya rufaa ya kanda ya 11 wakakaa pamoja, wakapindua: wakasema kifungu kinakataza aina ya upasuaji, hakimkatazi mtu kwa sababu ya alivyo, basi sio ubaguzi.

Msimamo wangu mimi: bima ikishakubali kulipia upasuaji fulani kwa Asha, haiwezi kumkatalia Juma upasuaji uleule kwa kuangalia tu sababu iliyomleta, kama madaktari wake wamesema anauhitaji. Watoto siwagusi, hapa naongelea mtu mzima mwenye akili zake. Nawasilisha.

Mzee wa Kanuni:

Dada umeandika vizuri ila umeruka kitu. Sababu iliyomleta ndo kila kitu kwenye bima! Mtu aliyeungua uso analipiwa kutengenezwa pua, mtu anayetaka tu pua nyembamba halipiwi, na daktari ni yuleyule na kisu kilekile. Sasa na huyo naye tuseme amebaguliwa? Bima ni mfuko wa wengi, mimi nakatwa kwenye mshahara kila wiki mbili, sikuulizwa. Nina haki ya kusema hiki sikitaki kwenye mfuko wangu na dini yangu inanikataza, na sioni kwa nini dini iwe aibu kuitaja humu. Na hiyo milioni ya mawakili mbona haijibu swali, serikali nyingi zinapigania kanuni hata kama kulipa ni rahisi, wakilipa mmoja kesho inakuwa haki ya wote.

Mdada wa Bili:

Shikamoo mzee. Dini yako naiheshimu, na kwa kweli hiyo ndo hoja safi kuliko ya gharama, angalau umesema ulichonacho. Ila hilo la pua umenisaidia. Unajua kwamba wanawake waliokatwa titi kwa kansa nao walikuwa wanaambiwa kutengenezewa titi jipya ni urembo? Bima zilikuwa zinakataa, mpaka 1998 Bunge la Marekani likatunga sheria kwamba bima ikishalipia kulikata, basi ilipie na kulitengeneza, mpaka na lile la pili ili yalingane. Mwili haukubadilika 1998, sheria ndo ilibadilika. Kwa hiyo hili neno urembo kwenye barua za bima halitoki kwa daktari, linatoka kwa aliyeshika kalamu mwaka huo.

Kijana wa Eastleigh:

Huku Nairobi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya serikali tangu Oktoba 2024 na ukifika hospitali unaambiwa system iko down. Nyinyi mnabishana mambo ya dola elfu ishirini na tano haki 😂 wacha nisome tu.

Daktari Mtazamaji:

Mimi sina shida na mtu kubadili jinsia, maisha yake. Shida yangu ni ushahidi na naona wote mmeukwepa. Mnakumbuka 2014 bodi ya rufaa ya wizara ya afya ya Marekani iliondoa katazo la Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kulipia upasuaji huu, baada ya mwanajeshi mstaafu wa miaka 74 wa Albuquerque kulipinga? Katazo lilikuwa limejengwa juu ya ripoti ya 1981, wakasema imepitwa na wakati, sawa kabisa. Lakini 2016 Medicare walipoombwa watoe uamuzi mmoja wa nchi nzima kwamba tunalipia, walikataa kuutoa, wakasema tafiti walizopitia kwa wagonjwa wa Medicare hazitoshi, iamuliwe mgonjwa mmoja mmoja. Na hiyo ni serikali ya Obama, huwezi kusema ni wahafidhina. Sasa wewe unataka kampuni binafsi ilazimishwe kitu ambacho serikali yenyewe ilishindwa kukiweka moja kwa moja? Na mbona hamuongelei wanandoa wasiopata watoto, upandikizaji mimba kwenye bima kibao hawalipi, na wao hawana mawakili wa milioni.

Mdada wa Bili:

Hii ndo hoja niliyokuwa naisubiri, asante daktari. Nakubali tafiti sio za kiwango unachokitaka, maana huwezi kumpasua nusu ya watu kiukweli na nusu kiuongouongo halafu ukawalinganisha. Lakini upasuaji mwingi tunaoulipia kila siku nao hauna tafiti za hivyo na hakuna anayeuwekea kifungu chake peke yake kwenye mkataba. Na angalia ulichokisema mwenyewe, "iamuliwe mgonjwa mmoja mmoja". Mimi nitasaini hapo leo! Mtu alete barua ya mtaalamu, alete rekodi ya homoni miezi kadhaa, kampuni ichunguze, ikiona haimfai ikatae. Kifungu cha Houston County hakikuwa hivyo, kilikuwa kinafunga mlango kabla hata faili halijafunguliwa. Hawa watu wenyewe hawafiki hata asilimia 1 ya watu wazima wa Marekani na sio wote wanaotaka kupasuliwa, kwa hiyo mfuko hautikisiki.

Upandikizaji mimba nao ulipiwe bwana, nani kakataa? Mbona tunapenda kumuonyesha mwenye njaa mwenzie mwenye njaa.

Mzee wa Kanuni:

Marahaba binti, lakini upepo umeshageuka. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu sheria ya jimbo la Tennessee inayokataza matibabu haya kwa walio chini ya miaka 18 iendelee, majaji sita kwa watatu, na majaji wa kesi yako ya Georgia wakapita njia hiyohiyo. Na serikali ikatoa kanuni kwamba kuanzia 2026 kwenye bima zile za soko la Obamacare, yani ile sheria ya afya ya 2010, huduma hizi hazihesabiwi tena kuwa za lazima. Wananchi walipiga kura wakajua wanachagua nini.

Mdada wa Bili:

Kutohesabiwa za lazima sio kukatazwa mzee, tusichanganye. Jimbo au kampuni ikitaka kuziweka inaziweka, ila kuna misaada ya serikali haitazigusa. Waajiri wakubwa wengi bado wanazo kwenye vifurushi vyao, na hao wanaojilipia wenyewe madai ya wafanyakazi wao hawabanwi na sheria za bima za jimbo, wanafuata sheria ya shirikisho ya 1974. Ndo maana unakuta watu wawili mtaa mmoja, mmoja kalipiwa kila kitu mwingine hajalipiwa hata sindano, tofauti ni bosi.

Mama Wawili wa Ohio:

Samahani kuwaingilia, mi swali langu sio la siasa. Mtoto wa dada yangu ana miaka 26, amejiandaa miaka, barua za wataalamu anazo, juzi bima imemjibu imekataa. Analia tu hapa kwangu. Anaanzia wapi?

Mdada wa Bili:

Pole dada. Kwanza msitupe ile barua, na bahasha iwekeni pia. Kwa kawaida ana siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, wakikataa tena ana miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje asiyependelea upande wowote. Ila kabla ya yote soma sababu waliyoandika. Wamesema "haihitajiki kitabibu" au wamesema "haimo kwenye mkataba"?

Mama Wawili wa Ohio:

Haimo kwenye mkataba.

Mdada wa Bili:

Ahaa. Ingekuwa ile ya kwanza daktari wake angeandika barua nzito na mara nyingi inapindua. Hii ya pili mkaguzi wa nje kazi yake ni kuangalia mambo ya kitabibu, hana uwezo wa kuandika upya mkataba, kwa hiyo msipoteze miezi yote huko. Aombe kitabu kizima cha bima, sio kile kikaratasi cha kurasa mbili, atafute kifungu chenyewe kimeandikwaje, halafu aende ofisi ya wafanyakazi kazini kwake aulize ni nani anayekiweka kila mwaka mkataba ukifanywa upya. Na wakili wa haki za wafanyakazi, wapo wanaosikiliza bure mara ya kwanza. Nitumie picha ya barua inbox, jina lake ulifute.