Dunia za mtandaoni zimekusaidia nini kwenye maisha ya kila siku? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Hili nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliseme. Zile dunia za mtandaoni ambazo unaingia, unatembea, unajenga na kukutana na wenzio (Minecraft, Roblox, Second Life na nyingine), wengi tunaziona za watoto wakiwa likizo. Mimi zimeniokolea hela ya tofali, na nataka nisikie na za wengine.

Nina kiwanja Chanika, 20 kwa 20. Ramani nilichorewa kwenye karatasi, vyumba vitatu, kimoja masta. Mke wangu akiitazama anaitikia, na mimi naitikia, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa anaiona nyumba. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyesema, "Baba, si tuijenge kwanza kwenye Minecraft?" Kule bloku moja ina upana wa mita moja, kwa hiyo vipimo vya ramani vinahamia bila hesabu ngumu. Jumamosi mbili tukawa tumemaliza.

Mama watoto akashika simu, akaingia mlangoni, sebuleni, koridoni, akafika chumba cha watoto akasimama. Chumba ni 3 kwa 3. Akaweka vitanda viwili, akatafuta pa kuweka kabati, hapakuwepo. Ukuta pekee uliobaki ndio wenye mlango. Miezi mitatu tumekaa na ile karatasi hatukuliona hilo. Mlango tukausogeza hadi pembeni kabisa, kabati likapata nafasi.

Cha pili ni jua. Kule linachomoza mashariki na kuzama magharibi, na saa sita linapita utosini, karibu sawa na letu la Dar. Tukasimama masta tukangoja jioni ifike: jua lote dirishani. Aliyewahi kulala mjini hapa mwezi wa pili kwenye chumba kilichopigwa jua la jioni anajua ninachosema. Kwa kuwa masta iko kona, dirisha tumelihamishia kaskazini, upepo wa kaskazi unakotoka miezi hiyo ya joto.

Angalizo kwa atakayejaribu: ukuta wa Minecraft unakula bloku nzima, yaani mita, wakati ukuta wetu wa tofali la inchi 6 ni kama sentimita 15. Pima nafasi ya ndani ya kila chumba peke yake, usipime nyumba nzima kwa nje, la sivyo utadhani kiwanja hakitoshi. Na fundi bado anatakiwa. Ile si ramani ya kupeleka halmashauri.

Kilichonipa moyo ni kusoma kwamba UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wale wa Nairobi, na kampuni ya Mojang iliyotengeneza Minecraft walianzisha mradi wa Block by Block mwaka 2012. Wakazi wanakaa kwenye kompyuta wanapanga wenyewe viwanja vyao vya wazi kwa Minecraft kabla ya ujenzi, na Kibera wamefanya. Kama wakazi wa mtaa mzima wanaelewana kwa njia hiyo, mimi na mke wangu tungeshindwaje?

Karibuni.

Mama wa watoto wawili, Temeke

Asante kaka kwa uzi huu. Mume wangu yuko Muscat mwaka wa tatu sasa. Kwa simu mazungumzo na mtoto yalikuwa haya: "Shikamoo baba." "Marahaba, umekula?" "Ndiyo." Halafu kimya, mtoto ananirudishia simu. Baba mtu alikuwa anaumia, na mimi naona.

Siku hizi kila Ijumaa wanaingia wote Minecraft, simu nyingine iko spika pembeni. Wana shamba lao, wana ngazi wanachimba kwenda chini. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka, kama watu wanaochambua mchele kwenye ungo mmoja. Mwezi uliopita nikiwa jikoni nikamsikia mwanangu anasema, katikati ya kuchimba, kwamba kuna mwenzake shuleni anamnyang'anya hela ya chakula. Mimi niko naye nyumba moja, hakuwahi kuniambia. Baba yake hakufoka, aliendelea kuchimba huku anamuuliza taratibu. Jumatatu nikaenda shule.

Utingo wa Mbagala

Mimi ni malori. Euro Truck Simulator 2, mchezo wa kuendesha malori, kwenye kompyuta ya binamu. Tunaingia wanne, kila mtu kwake, tunakwenda msafara mmoja. Ukichagua barabara za Uingereza unaendesha kushoto kama hapa kwetu.

Kilichonisaidia ni kurudi nyuma na trela. Ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaupeleka kulia, halafu unaurudisha mapema kabla trela halijajikunja. Dereva wangu alinieleza mwaka mzima, kichwa kikakataa. Kule nilikunja trela mara nyingi sana na hakuna aliyelia, mpaka mikono ikazoea. Siku aliponiachia usukani kwenye yadi nililiingiza kwa mara ya pili. Ila klachi, uzito wa mzigo na breki kwenye mteremko, hivyo huvipati kule. Nawaomba vijana msidanganyike kwa hilo, huku barabara ya kweli ina watu.

Wa Kunduchi

Nafanya kazi hotelini. Second Life, ipo tangu 2003 na bado ina watu. Nilikuwa naingia usiku kuongea Kiitaliano na wenyewe, wananirekebisha. Aibu haikuwepo kwa sababu hawanioni uso.

Mwalimu, Kinondoni

Niongeze upande mchungu. Nilijenga darasa zuri kwenye Mozilla Hubs, huduma ya kujenga vyumba vya mtandaoni, wanafunzi wa jioni walikuwa wanaingia kwa simu, tunazunguka mfano wa moyo wa binadamu. Mei 2024 huduma ikafungwa. Kazi ya miezi ikabidi nianze upya pengine. Mkijenga kitu cha maana, chukueni nakala, pigeni na picha za kila upande. Nyumba hiyo iko kwenye ardhi ya mtu.

Mama wa Tabata

Na wazazi, "Robux za bure" (Robux ni hela ya ndani ya Roblox) ni wizi. Binti yangu aliandika nywila yake kwenye ukurasa wa namna hiyo, akaunti ikaenda, na vitu alivyonunua kwa hela ya zawadi ya Idi vikaenda nayo. Alilia siku mbili. Kaeni nao, mjue wanaongea na nani.

Wa Gongo la Mboto

Mleta mada, bando unamudu vipi?

Mleta mada

Mwalimu, nimekusikia, leo hii nanakili. Mama wa Tabata, pole sana kwa binti.

Mkuu wa Gongo la Mboto, mkiwa nyumba moja bando halihitajiki. Simu moja inawasha hotspoti, nyingine zinaungana nayo, data mnazima, na dunia aliyofungua mmoja wote mnaingia. Jumamosi hii nampelekea fundi pale Chanika hivyo hivyo, yeye na simu yake, mimi na yangu. Vigingi tayari anachonga, tutatembea ndani kwanza chumba kwa chumba ndipo avute kamba.