Naomba ushauri: nitumie programu gani kuchora mtandao wa hoteli niliourithi bila mchoro?

MwanaKisauni

Assalam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Huu ni mwezi wangu wa pili katika hoteli moja ya ufuoni pande za Bamburi, natunza kompyuta na mtandao. Aliyenitangulia aliondoka na kila kitu kichwani mwake, hakuacha hata karatasi. Nilichokuta ni chumba chenye rafu moja, swichi tatu za kuunganisha vifaa vya mtandao, rauta ya kutokea kwenye intaneti, na nyaya za buluu zimesukana kama ukambaa, hata mmoja haukuandikwa jina.

Ijumaa iliyopita yakanikuta. Saa nane mchana mtandao wa jengo zima ulikwama, na mapokezi pale wamesimama wageni wa basi zima. Nilihangaika karibu saa tatu. Mwisho nikakuta swichi ndogo chini ya meza katika ofisi ya hesabu. Mtu aliona waya unaning'inia, akauchomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile, data ikawa inazunguka humo mpaka ikasonga kila kitu. Swichi hiyo sikujua kama ipo! Lau ningekuwa na ramani ningeanzia hapo.

Meneja anataka mchoro kabla kaskazi haijaingia na vyumba havijajaa. Bajeti hakuna. Nasikia Visio, nasikia draw.io, na wengine husema zipo programu zinazojichorea zenyewe. Nianzie wapi?

FundiWaMakupa

Wa aleikum salaam kaka, pole kwa yaliyokupata. Zinazojichorea zisikutie tamaa kwanza. Chora ramani mbili. Moja ya nyaya: swichi ipi iko chumba gani, poti (tundu la waya) gani inakwenda wapi. Nyingine ya anwani: wageni wanapata anwani za IP (namba za vifaa mtandaoni) zipi, kamera zipi, ofisi zipi, na rauta inazitenganisha vipi. Ukizijaza zote kwenye ukurasa mmoja hutazisoma hata wewe mwenyewe.

Kwa kuchora, draw.io yakutosha. Ni ya bure, ina maumbo ya rauta na swichi tayari, na lipo toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila intaneti. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwani siku utakayoihitaji ramani sana ni siku mtandao umelala. Visio ni nzuri, lakini ni ya leseni ya kulipia, na kwa hoteli yenye rafu moja sioni haja.

BintiTononoka

Naongeza. Kabla ya kuchora, jua nani yumo ndani. Pakua Nmap, programu ya kutafuta vifaa vilivyomo mtandaoni, nayo ni ya bure, kisha andika `nmap -sn 192.168.1.0/24`, ukiweka anwani za kwenu. Ikiwa laptopu yako imo ndani ya mtandao uleule, Nmap huuliza kwa ARP, yaani mwito wa ndani wa "nani ana anwani hii?", kwa hiyo hata kompyuta iliyozuia pingi (ule mwito wa kawaida wa kupima kama kifaa kipo) hujitokeza. Chukua ruhusa ya meneja kwa maandishi kwanza, tafadhali. Kenya tuna sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018, na karatasi moja yenye sahihi itakukinga.

MwanaKisauni

Shukran dada. Ruhusa nimepata, nimeskani. Nilidhani tuna vifaa 90 hivi, vimejitokeza 143! Kisha nikafungua Zenmap, ile Nmap ya madirisha na picha, nione picha yake, nikakuta vifaa vyote vimeizunguka laptopu yangu duara moja. Swichi haionekani hata moja mahali pake. Nimekosea wapi?

BintiTononoka

Hukukosea kaka. Picha ile huchorwa kwa kufuata rauta ambazo data inavuka njiani. Swichi ya kawaida hupitisha tu, haihesabiwi kuwa kituo. Nmap imekupa orodha ya wakaazi, haiwezi kukuonyesha vichochoro.

MzeeWaRafu

Vichochoro nitakuonyesha mimi, mwanangu. Zile swichi tatu za rafuni, ikiwa ni za kuingia na kuzipangia, washa LLDP, lugha ya vifaa kujitambulishana. Kila moja itajitambulisha kwa jirani yake na kutaja poti waliyoungana. Ukizifungulia na SNMP, njia ya kusoma habari za kifaa kwa mbali, LibreNMS, programu ya bure ya kuangalia mtandao, itasoma habari hizo na kukuchorea ramani yenyewe. Neno la siri la SNMP lisibaki "public", libadilishe siku hiyohiyo.

Sasa, swichi ndogo za bei rahisi, kama ile ya ofisi ya hesabu, hazisemi LLDP. Programu haitaziona kamwe. Zinakamatwa hivi: ingia swichi kubwa, tazama jedwali la anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Poti ya kompyuta moja huwa na anwani moja, au mbili kama kuna simu ya mezani. Ukiona poti ina anwani nane au tisa, na huko hakuna swichi unayoijua wala antena ya waifai, ipo iliyojificha. Chukua ngazi.

Pwani_Netiweki

Mimi ningemwambia aende NetBox moja kwa moja.

MzeeWaRafu

NetBox ni daftari la kusajili vifaa na anwani, nami naiheshimu sana, lakini yataka seva na mtu wa kuijaza kila siku. Yeye yuko peke yake. Amalize kwanza kutembea.

MwanaKisauni

Ami, Mungu akuweke. Poti ya 17 ilikuwa na anwani tisa. Nimefuata waya mpaka dobini, nikapanda darini, swichi hii hapa, imefunikwa vumbi. Siku nne nimepata tano kama hizo. Kila waya nimeubandika lebo ncha zote mbili. Mchoro wa draw.io huu hapa, naambatanisha picha.

FundiWaMakupa

Kazi nzuri sana, wallahi, ila ondoa picha hiyo sasa hivi! Ina anwani za rauta na za kamera zenu. Ramani ya mtandao haitembezwi hadharani. Chapisha nakala uifungie ndani ya rafu, na nenosiri lolote lisiandikwe humo.

MwanaKisauni

Nimeiondoa, samahani. Limebaki moja. Waya wa banda la michezo ya majini unatoka rafuni, na kwa hatua zangu ni mita 130. Unafanya kazi, ingawa unakatika-katika.

MzeeWaRafu

Kebo ya shaba mwisho wake mita 100. Ama umehesabu hatua vibaya, ama kuna kitu katikati. Ufuate.

MwanaKisauni

Kipo, ami. Nyuma ya pampu ya bwawa, ndani ya boksi la plastiki, swichi ya poti tano, mbili zimeliwa na kutu ya chumvi. Nimeiandika SW-09 na kuichora. Kesho namwomba meneja kebo ya faiba, inayofika mbali kuliko shaba, mpaka bandani.