Naomba ushauri: Kuni za shule na mgawanyo wa michango kijijini kwetu, Uyui

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na naomba mawazo yenu kuhusu jiko la shule.

Uji na makande ya wanafunzi hupikwa kwa kuni zinazoletwa na wazazi, kila kaya mzigo mmoja, bila kujali kama kaya hiyo ina mkokoteni wa ng'ombe au ni ya bibi anayelea wajukuu na kubeba kuni kichwani. Misitu ya miombo imerudi nyuma sana, kwa kuwa mabani ya kukaushia tumbaku nayo yanakula kuni (na wenye mabani, nakiri, tumo hata kwenye kamati), na warina asali wanalalamika kwamba miti ya mitundu ya kutundikia mizinga imebaki michache.

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nasi tungependa kuanza mapema. Wengine wanapendekeza gesi, ila mtungi ukiisha katikati ya muhula sijui nani ataujaza; wengine wanapendekeza jiko banifu la matofali (linalotumia kuni chache) pamoja na shamba la miti litakalotunzwa na wanafunzi.

Waliopitia njia hii, mlianza na lipi? Na je, mchango ukipangwa kulingana na ekari za tumbaku za kila kaya, mkutano wa kijiji utaukubali bila kuleta uhasama?