Nimekompaili QEMU 9.0 nipate raspi4b, imemaliza vizuri lakini dirisha hakuna na mtandao hakuna, kulikoni?

kijana_wa_githurai

Sasa wadau, naombeni msaada hapa. Niko na laptopu ya mitumba, zile ex-UK, i5 na RAM ya 4GB, nimeweka Ubuntu 24.04. Najisomea mambo ya embedded na nilikuwa natafuta Raspberry Pi 4 ya mazoezi, lakini ukiangalia bei za hapa tao halafu bado ununue chaja, memori kadi na ile kebo yake ndogo ya HDMI, nikaona heri niigize kwanza na QEMU, ile programu ya kuigiza kompyuta nyingine ndani ya yako. Shida ni kwamba QEMU ya apt ni 8.2 na ukiiuliza `-M help` inaishia raspi3b (Pi 3), raspi4b, yaani Pi 4, haimo. Nikasoma kwamba raspi4b iliingia kwa 9.0, ile ya Aprili 2024, basi nikaamua kukompaili mwenyewe.

Nimeshusha tarball (furushi la kodi ya QEMU), nimefungua, nikapiga `./configure` hivyo tu, ikalilia glib, nikaiwekea libglib2.0-dev na libpixman-1-dev, ikapita. Kufika kwa `make -j` laptopu ikaganda mpaka mausi ikakataa kusonga, halafu ikatema hii:

`gcc: fatal error: Killed signal terminated program cc1`

Nikarudia na `make` bila kitu, ikakesha ikivuma lakini asubuhi nikapata imemaliza. Sasa nikiiwasha hakuna dirisha linafunguka, inaandika tu `VNC server running on 127.0.0.1:5900` inanyamaza, na nikiongeza `-netdev user,id=net0` inaniambia `network backend 'user' is not compiled into this binary`. Sielewi, configure haikulalamika, make haikulalamika, mbona inanyima vitu? Na kama lazima nirudie, kuna njia ya kufanya bila laptopu kukesha, juu stima ya huku pia si ya kuaminika.

fundi_wa_kariobangi

Buda si utumie tu raspi3b ya apt uendelee na maisha. Zote ni ARM ya biti 64. Kukompaili ni kazi ya wenye wana desktop.

dada_keneli

@fundi_wa_kariobangi wacha kijana ajaribu bana, na tena kwa laptopu hiyo hiyo inawezekana vizuri sana, ni vile tu ameiachia QEMU ijiamulie kila kitu.

@kijana_wa_githurai, ngoja nikueleze hii kitu vile inafanya kazi juu ukiielewa hata hutahitaji kuuliza mtu tena. Configure ya QEMU ukiipiga tupu inazunguka kwa mashine yako ikitafuta laibrari. Zile za lazima kama glib zikikosekana inakataa kwa kelele. Zile za hiari zikikosekana inaziruka tu na haisemi kitu. Ni kama kibandani, umeagiza pilau, nyama imeisha, jamaa anakuletea mchele mtupu na anakaa kimya. GTK, laibrari ya kuchora madirisha, haukuwa nayo kwa hivyo imejijenga bila dirisha, ikabaki na VNC peke yake, ile ya kuona skrini kupitia mtandao (VNC inataka pixman tu, na hiyo uliweka). Libslirp, ile inayompa mgeni mtandao wa `user`, haukuwa nayo kwa hivyo mtandao wa `user` haumo kabisa ndani ya hiyo programu, hata ufanye nini na komandi.

Hiyo ya slirp inashika watu wengi kwa sababu zamani QEMU ilikuwa inakuja na slirp yake ndani, ikaitoa kwa vesheni 7.2 ya Desemba 2022. Ukifuata video ya YouTube ya kabla ya hapo hutaona mtu akiitaja popote, na si eti wanaficha, haikuhitajika.

Na si kweli kwamba haikuambia. Rudi juu kwa terminali, configure ikimaliza inamwaga orodha ndefu yenye YES na NO. Ukitafuta hapo utapata `slirp support : NO` na `GTK support : NO`. Hakuna mtu husoma hiyo orodha juu kila mtu anakimbilia make, lakini hiyo ndiyo risiti yako, isome kabla ya kulipa na usiku mzima.

Dawa yake ni kutaja unachotaka kwa jina. Ukiandika `--enable-slirp` na laibrari haiko, configure inakufa papo hapo na inakuambia imekosa nini. Hivi:

```
sudo apt install build-essential ninja-build pkg-config python3-venv \
  flex bison bzip2 libglib2.0-dev libpixman-1-dev libfdt-dev \
  libslirp-dev libgtk-3-dev

rm -rf build
mkdir build && cd build
../configure --target-list=aarch64-softmmu --enable-slirp \
  --enable-gtk --disable-docs --prefix=$HOME/qemu9
make -j2
make install
```

Kitu kimekulaza macho ni kukosa `--target-list`. Usipoitaja inajenga emuleta ya kila prosesa inayoijua, MIPS, SPARC, PowerPC, m68k, RISC-V, hadi s390x ya mainframe za IBM, na tena juu yake zile za kuendesha programu moja moja za Linux. Sasa wewe na Raspberry Pi yako mainframe ya IBM unaipeleka wapi? Ukiacha aarch64-softmmu (kompyuta nzima ya ARM ya biti 64) peke yake kazi inapungua vibaya sana.

Kuhusu hiyo Killed, hiyo si gcc imekosea. `make -j` bila namba inamwachia ninja (programu inayogawa kazi ya kukompaili) achague, na yeye anahesabu prosesa zako, RAM hahesabu. Kila cc1 (kompaila yenyewe ndani ya gcc) inakula RAM yake, zikijaa keneli inachagua mmoja inaua. Ukitaka kuhakikisha piga `sudo dmesg | grep -i oom` utaona jina lake hapo. Kwa 4GB tumia -j2, funga Chrome (Chrome haswa!), na ongeza swapu, nafasi ya diski ya kusaidia RAM ikijaa:

```
sudo fallocate -l 4G /swapu2
sudo chmod 600 /swapu2
sudo mkswap /swapu2
sudo swapon /swapu2
```

Ukiriboti hiyo swapu haitajiwasha yenyewe, na ni sawa, ni ya kazi hii tu.

msee_wa_bits

dada_keneli amemaliza karibu yote. Naongeza ya stima: usiogope, ikipotea katikati rudi tu kwa folda ya build na upige `make -j2` tena, ninja anajua amefika wapi na haanzi mwanzo. Kitu moja ya kuangalia, stima ikikatika ghafla (si wewe umesimamisha na Ctrl+C) kuna faili ya .o inaweza kubaki nusu kwa diski, halafu mwishoni wakati wa kuunganisha inalalamika faili fulani haisomeki. Futa hiyo moja tu, endelea. Usifute build yote kwa hasira.

Halafu umefanya vizuri kuchukua tarball. Watu wanaambiwa `git clone` na hawana wifi, wanachoma bando. Tarball yenyewe si ndogo, inapita MB 100, lakini imekuja na vile vipande vingine vya miradi ya nje ndani yake. Ukitumia git, configure inaingia mtandaoni kuvitafuta, na kama bando imeisha hapo katikati ndiyo utaanza kuona makosa ya ajabu.

Sasa wacha nikuambie kitu hautapenda. Hata ukiweka slirp, raspi4b ya QEMU 9.0 haina kadi ya mtandao. Soma maelezo ya hiyo bodi, wameandika wazi kwamba GENET, ambayo ndiyo ile ethaneti ya Pi 4, bado haijatengenezwa, na PCIe pia bado. Na kwa Pi 4 ya ukweli zile poti za USB kubwa zimepitia PCIe, kwa hivyo hizo nazo usizitegemee. RAM pia ni 2GB peke yake, ukiandika `-m 4G` inakataa.

Kwa hivyo inategemea unataka kujifunza nini. Kama ni kuandika keneli yako ndogo, kuongea na UART (ile poti ya kutuma na kupokea maandishi), kuona memori ya BCM2711, chipu ya Pi 4, imepangwa vipi, raspi4b ni tamu. Kama unataka Linux ya ARM yenye mtandao ufanyie apt na ssh, achana na bodi ya Pi, tumia `-M virt -cpu cortex-a72` na virtio (vifaa vya kuigiza vya mtandao, diski na kadhalika). Hiyo virt haiigi bodi yoyote ya dukani, imetengenezwa kwa ajili ya emuleta tu, na ndiyo maana iko na mtandao, diski na kila kitu. Na hiyo binary ya aarch64 unayoijenga inazo zote mbili, haurudii kazi.

kijana_wa_githurai

Aki asanteni sana, dada_keneli Mungu akubariki. Nimeweka hizo pakeji, configure ya kwanza ikakataa juu nilikuwa nimeandika libslirp bila -dev na kweli ikasema wazi inataka slirp, nikaiweka. Sasa orodha inasema YES zote mbili. Na make safari hii nimepika ugali na sukuma, nimekula, nimeosha vyombo, kurudi imemaliza, siamini.

Lakini sasa `qemu-system-aarch64 --version` bado inasema 8.2?? make install haikulalamika. Na @msee_wa_bits je nikiweka `-enable-kvm` itaenda haraka?

dada_keneli

Hiyo 8.2 ni ya apt inakujibu, yako imeenda `$HOME/qemu9/bin`. Ita kwa njia yake kamili, `~/qemu9/bin/qemu-system-aarch64 --version`, au weka hiyo folda mbele ya PATH (orodha ya folda ambazo terminali hutafuta programu) kwa .bashrc. Nilikupa prefix ya nyumbani makusudi ndiyo isigongane na ya apt. Siku ukichoka nayo unafuta folda moja na hakuna kitu kimeharibika.

msee_wa_bits

KVM hapana. KVM, ile ya keneli ya Linux inayoacha mgeni atumie prosesa yako moja kwa moja, inasaidia kama mgeni na mwenyeji ni prosesa ya aina moja, wewe uko na Intel na unaendesha ARM, kwa hivyo kila maagizo yanapitia TCG, mtafsiri wa ndani ya QEMU, yatafsiriwe kwanza. Itakuwa pole pole na hakuna dawa, zoea tu. Ukweli ni kwamba hiyo kutafsiri ndiyo roho ya QEMU tangu Fabrice Bellard aitoe 2003, KVM ilikuja baadaye. Huyo jamaa pia ndiye alianzisha FFmpeg, sijui yeye hulala saa ngapi.

Kabla haujaniuliza: ukijaribu imeji ya Raspberry Pi OS na raspi4b utapata malalamiko ya ukubwa wa SD, inataka ukubwa uwe kipeo cha 2, kwa hivyo `qemu-img resize -f raw pi.img 8G` na utulie. Na lazima utoe kernel8.img na bcm2711-rpi-4-b.dtb kutoka ile patisheni ya kwanza ya imeji uzipe QEMU kwa `-kernel` na `-dtb`, juu Pi ya ukweli inawashwa na GPU yake na QEMU haina hiyo hatua. Fanya nakala ya imeji kabla ya kuresize.

fundi_wa_kariobangi

Sawa nimenyamaza 😂 hata mimi nimeshusha tarball saa hii. Lakini i3 yangu iko na diski imebaki kidogo, itatosha?

dada_keneli

Na tageti moja, ndiyo, ukiwa na nafasi ya gigabaiti kadhaa. Bila target-list usijaribu. Ukishafanya `make install` unaweza kufuta folda ya build.

kijana_wa_githurai

Sasa 9.0 imejibu. Nimeanza na virt kwanza, nimechukua imeji ya Debian ya arm64. Dirisha limefunguka!! lakini ndani limeandika `compat_monitor0` na hakuna Debian ninayoiona. Komandi:

```
~/qemu9/bin/qemu-system-aarch64 -M virt -cpu cortex-a72 -smp 2 -m 1G \
  -drive file=debian.qcow2,if=virtio \
  -netdev user,id=net0 -device virtio-net-pci,netdev=net0
```

msee_wa_bits

Vitu viwili. virt haina kadi ya skrini mpaka umwambie, kwa hivyo GTK inakuonyesha monita ya QEMU yenyewe. Weka `-device virtio-gpu-pci` au rahisi zaidi weka `-nographic` kila kitu kije kwa terminali. Na hakuna BIOS (programu ya kuwasha mashine) hapo, ongeza `-bios edk2-aarch64-code.fd`, hiyo faili imekuja na QEMU yako, haushushi mahali. Kutoka kwa -nographic ni Ctrl+A kisha X, usifunge terminali.

Na hakikisha ni ile imeji ya Debian inaitwa nocloud, ile unaingia na root bila paswadi. Ile ya genericcloud itakuuliza login na hautakuwa nayo.

kijana_wa_githurai

Ilikuwa genericcloud 😩 nashusha nocloud sasa, bando ikiruhusu. Lakini na hizo mbili umeniambia, maandishi ya keneli yamepita yote mpaka ikafika login. apt nitajaribu nikishaingia, halafu wikendi ndiyo nirudi kwa raspi4b na hiyo UART.

dada_keneli

Ukifika UART fungua uzi mpya, huu umekuwa mrefu. Na zima ile swapu: `sudo swapoff /swapu2`, halafu ufute faili, imekalia 4GB yako bure.