Mama haoni, na kila ofisi inatujibu "ni uzee tu"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mama ana miaka 78. Huu mwaka wa pili tangu macho yake yote mawili yaanze kufifia katikati. Akikutazama usoni, pale penye sura anaona doa la ukungu. Masikio na mabega anayaona. Daktari alisema ni makula, ile sehemu ndogo ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) tunayosomea na kutambulia nyuso, imechakaa kwa umri. Ni ile aina kavu, na miwani haisaidii. Akasema "hapa hakuna tena cha kufanya", akaita mgonjwa mwingine. Hatukupewa karatasi, wala jina la mtu wa kumwendea, wala neno moja la kumwambia mama ataishi vipi kuanzia kesho yake asubuhi.

Kwa jicho, inawezekana kweli hakukuwa na cha kufanya. Kwa mama kulikuwa na mengi! Mwenye doa la katikati hufundishwa kutazamia pembeni: anageuza jicho kidogo ili anachokitaka kiangukie sehemu ya retina iliyo nzima. Zipo lenzi za kukuzia maandishi zenye taa yake. Jicho la mtu wa miaka 60 linapata takriban theluthi ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo hata kusogeza taa karibu na ukurasa kunabadilisha mambo. Ipo fimbo nyeupe, na wapo watu waliosomea kuifundisha. Yote haya nimeyaokota mwenyewe usiku kwenye simu, miezi minane baada ya lile jibu. Mama alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Halafu kuna hili, ambalo hadi leo nikilikumbuka natetemeka. Usiku mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kwamba anaona watoto wenye kofia wamesimama kando ya kitanda, hawasemi, wanamtazama tu. Alikuwa akiwaona kwa miezi. Alinyamaza kwa kuogopa tutasema amerukwa na akili. Kumbe jambo hili linajulikana tangu 1760, mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, alipoandika habari za babu yake aliyekuwa akiona watu na majengo yasiyokuwepo baada ya macho kudhoofika. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujichorea zake. Si wazimu. Sentensi mbili tu za daktari siku ile zingemwondolea mama miezi ya kulala na hofu peke yake.

Sasa njooni kwenye ofisi. Dirisha la wazee wanasema masuala ya macho ni ya dirisha la ulemavu. Dirisha la ulemavu wanauliza alianza lini kutoona. Ukitaja umri, wanakwambia huo ni uzee, haujawa ulemavu, na mwalimu wao wa fimbo ni kwa ajili ya wanafunzi na watu walio kazini. Mzee anarudi alikotoka. Wanamzungusha mtu asiyeona ngazi, kwenye jengo ambalo ngazi zake zote ni rangi moja!

Na hawa si watu wachache. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema wengi wenye matatizo ya kuona wamevuka miaka 50. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, ibara ya 26, unataka huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea, zianze mapema iwezekanavyo. Hakuna mahali umeandika "isipokuwa wazee". Huduma imepangwa kana kwamba upofu ni mambo ya shule na ajira, na aliyemaliza vyote viwili hana tena haja ya kusoma, kutembea wala kumtambua mjukuu wake.

Fomu ya tathmini iliuliza: anaweza kuvaa mwenyewe? Anaweza kutembea? Anaweza kula? Mama ni mkweli, alijibu ndiyo zote. Wakaandika hahitaji msaada. Hakuna aliyemuuliza kama anatofautisha kidonge cha presha na cha usingizi. Hatofautishi. Anavipapasa.

Tukakata rufaa. Barua ya kumwita ikaja kwa herufi ndogo za kijivu, imeandikiwa mtu ambaye faili lake linasema hasomi! Aliiweka mezani akisubiri nije nimsomee Jumamosi. Miadi ilikuwa Alhamisi. Nilipopiga simu nikaambiwa "mhusika hakufika, faili limefungwa". Nikauliza kwa nini hawakumpigia. Akanijibu kwamba utaratibu ni barua, na mzee atafute mtu wa kumsomea. Yaani barua za hospitali, za pensheni, siri zake zote, azisomewe na yeyote atakayepita.

Nimeandika kuomba faili lifunguliwe upya na taarifa zote zije kwa simu ya sauti. Hii wiki ya nne, kimya. Kama kuna aliyempitisha mzazi wake kwenye tathmini hii akafanikiwa, naomba aniambie yale maswali ya fomu aliyajibu vipi, na alianzia dirisha gani.