Venice mwezi wa 7 kwa bajeti ndogo

Wakuu, tuko wawili, siku mbili Venice. Tulale wapi na tuzungukeje bila kufilisika?

— Laleni Mestre, sehemu ya Venice iliyo nchi kavu, karibu na stesheni. Treni hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice ya visiwani, ni kama dakika 10. Tiketi ya karatasi igongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Mkilala Mestre hamlipi ada ya wageni wa siku moja, ila jisajilini mtandaoni mpate msamaha huo.

— Vaporetto (boti ya abiria ya mjini) ni yuro 9.50 kwa dakika 75; kwa vituo viwili ni hasara tupu, tembeeni. Kuvuka Mfereji Mkuu pandeni traghetto, boti ya makasia ya kuvusha watu: yuro 2, sarafu mkononi mwa mpiga kasia.

— Maji msinunue, jazeni chupa kwenye mabomba ya mitaani. Kahawa inyweni mkiwa mmesimama kaunta. Mezani bei inapaa.